Ramani ya Ming'oko

Mke wangu Rebeka alikuwa na namna yake ya kusimama porini. Alinyanyua mkono juu kabisa, akazunguka polepole pale pale aliposimama, uso umeelekea mbinguni. Mkononi alishika jipiesi, kile kidude cha kijivu kinachosikilizana na satelaiti na kukuambia umesimama wapi hapa duniani. Mimi nilikuwa nakaa juu ya pikipiki, mguu mmoja chini, nikimsubiri.

"Zimekuja ngapi?" nilimuuliza.

"Tatu. Nyamaza, utazifukuza."

"Zinakuogopa wewe. Mimi zinanijua."

Ya nne ikifika alitabasamu, akaandika namba zake, akaja kupanda nyuma yangu na kunipiga begani kama utingo anayegonga bodi gari liondoke. Jumamosi nyingi za mwaka 2006 tulizimaliza hivyo, kutoka mjini Mtwara kwenda Madimba, kwenda Kilambo, kurudi na vumbi hadi ndani ya masikio.

Sisi si wenyeji wa huku. Ni Wabena wa Njombe, kwenye baridi. Mimi nilishuka Mtwara mwaka 1994 na cheti changu cha kidato cha nne, nikapata ukarani bandarini, kazi ya kusimama kando ya meli na kuhakiki magunia ya korosho. Rebeka alikuja baadaye, ofisa wa mimea wa serikali, na shahada yake ya Morogoro. Tulikutana kwenye kwaya. Alikuwa anaimba vibaya kwa sauti kubwa, na mimi nilisimama karibu naye kwa sababu wengine walimkimbia. Tulipooana, wenzangu bandarini walinichokoza: "Dickson, mkeo ana digrii, wewe una nini?" Nikawaambia nina pikipiki, na digrii haina matairi.

Kazi yake alinieleza siku moja jikoni, akikata mchicha.

"Unaiambia kompyuta mahali mmea ulipo," alisema. "Inatazama mvua ya pale, joto la pale, udongo wa pale. Ukiipa mahali pengi, inaanza kuelewa mmea ule unapenda nini."

"Halafu?"

"Halafu unaipa mvua na joto la mwaka 2050, namna wataalamu wanavyokisia. Mvua zinachelewa kuanza, zinawahi kukatika, jua linazidi. Unaiuliza, haya, sasa rafiki yetu ataweza kuishi wapi?"

"Na mimi, itasema nitaweza kuishi wapi?"

"Wewe popote penye ugali, Baba Joyce. Huhitaji kompyuta."

Mmea aliokuwa anauhangaikia mwaka ule ni ming'oko. Aliyekulia Mtwara haelezwi ming'oko ni nini, lakini ndugu zangu wa Njombe hawaijui, na binti yetu Joyce atakuja kuwa na watoto ambao pengine watazaliwa mbali. Ni mizizi ya porini, myembamba, mirefu kidogo kuliko kidole. Mmea wake hutambaa na kupanda juu ya vichaka. Wakati wa kiangazi akina mama huingia porini na kuichimba, wakaichemsha, nawe unaimenya kwa vidole, unaichovya kwenye chumvi na pilipili, na huwezi kuacha. Rebeka alipoionja mara ya kwanza aliuliza kwa nini hakuna mtu aliyemwambia habari hii shuleni.

Juu ya mzizi kuna kichwa, kile kipande kinachotoa mche. Mchimbaji mwenye adabu hakitupi kichwa. Anakifukia, na mvua zikija kinachipua tena.

Sasa, mwaka ule kichaka kimoja kikubwa kilikuwa kinafyekwa ili yapandwe mashamba mapya ya mikorosho. Ndani yake mlikuwa na ming'oko yenye ganda jekundu, ambayo wachimbaji wote walisema hawajaiona kwingine. Rebeka aliposikia, alikwenda na akina mama kadhaa wakachimba vichwa vyote walivyoweza kuviona kabla moto haujawashwa. Alivileta nyumbani kwetu. Vilikaa barazani ndani ya makreti ya soda yaliyojazwa mchanga, vimefunikwa gunia bichi, na Joyce, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alikatazwa kuvigusa, kwa hiyo alivitolea salamu kila asubuhi kwa mbali.

Hivyo ndivyo vyote vilivyobaki. Kichaka chenyewe kilikwisha kuwa majivu. Ofisi ya Rebeka ilikuwa na waya wa uzio na mlinzi vya kutosha shamba moja tu, na vichwa vilitakiwa viwe ardhini kabla ya mvua za Desemba. Ukichagua mahali pasipofaa, basi, ming'oko myekundu imekwisha duniani. Tena mahali penyewe pawe panafaa leo na pafae hata Joyce atakapokuwa bibi. Hilo ndilo lilimnyima Rebeka raha. Ndiyo maana alitafuta jibu kwenye ramani.

Ramani ilipotoka, alinijia bandarini nikiwa bado kazini, akaikunjua juu ya rundo la magunia. Alikuwa amemaliza wino wote wa rangi wa ofisi.

"Kijani ni mahali itakapoweza kuishi," alisema. "Nyekundu ni mahali ambapo haitaweza."

Bonde la Ruvuma kule Kilambo lilikuwa kijani kibichi kama shamba la mpunga. Nyanda za juu, upande wa Madimba, zilikuwa nyekundu tupu.

"Kilambo basi," nikasema.

"Kilambo." Aliikunja ramani kwa uangalifu. "Jumamosi tukawaonyeshe akina Mama Silvio. Alama nyingi humu ni za kwao."

Mama Silvio ni Carlota. Alivuka mto na mama yake kutoka Msumbiji wakati wa vita, akiwa msichana, na hakurudi tena. Alikuwa akiuza ming'oko ya kuchemsha kwa watu wanaosubiri kuvuka pale Kilambo. Ni Mmakonde, mwembamba, mwenye maneno machache. Jirani yake alikuwa Bi Hadija, Mmakua, muuza maandazi, na huyo maneno yake yalitosha wote wawili. Walikuwa watani. Nilipowasikia mara ya kwanza nilidhani watapigana. Hadija alimwita Carlota mchawi wa chumvi, Carlota alimwita Hadija ngoma iliyopasuka, na jioni walikula sahani moja.

Siku hiyo tuliwakuta uani kwa Carlota pamoja na akina mama wengine wa jirani, wanamenya ming'oko. Tulipewa mkeka. Rebeka akatandaza ramani, akaweka mawe pembeni isipeperuke, akaeleza kama alivyonieleza mimi, ila bila mchicha. Akaonyesha vialama vyeusi kimoja kimoja: hapa ni pale kwa Mama Silvio, hapa ni pale kwa dada yake, hapa ni shamba la kina Fernando. Mwisho akasema shamba la kuhifadhi ming'oko myekundu litawekwa hapa hapa bondeni, kwa sababu ming'oko inapenda bonde.

Akina mama walipiga vigelegele. Carlota alitabasamu, lakini alizidi kuinama juu ya sufuria yake.

Bi Hadija hakupiga kigelegele. Aliitazama ramani, akamtazama Carlota, akaitazama tena ramani.

"Inapenda bonde," alisema. "Carlota, umesikia? Inapenda bonde."

"Nimesikia."

"Mwambie basi mtoto wa watu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ile ming'oko yako ya bondeni iko wapi. Ile uliyopanda mwaka ule wa njaa."

"Nimesahau," alisema Carlota.

Wote wakaangalia vidole vyao. Sisi wageni hatukujua kuna nini. Baadaye Rebeka alielezwa. Wachimbaji wa kule, kichwa kikikataa kuota, mwenye kukipanda hapataji mahali pale tena. Ukimuuliza anasema amesahau. Wanaamini ukipataja unaifundisha ardhi kukataa. Na kikiota, hasemi "nimepanda." Anasema tu "umeota," kama vile mmea ulikuja wenyewe kumtembelea. Kwa hiyo mama yeyote aliyeulizwa na Rebeka, "Hapa pana ming'oko?" alijibu kwa uaminifu kabisa, "Ipo, imeota."

Lakini mtani hafungwi na mwiko wa mwenzake. Kazi ya mtani ni kusema yale ambayo mwenyewe hawezi.

"Amesahau!" Hadija alisimama, akajifunga kanga kiunoni. "Basi mimi nakumbuka. Alipanda chini ya ule mpera karibu na mto. Ikakataa! Akahamia kwenye mchanga, nyuma ya mashamba ya mpunga. Ikakataa! Akapeleka mpaka kwenye kaburi la mama mkwe wake, labda mkwe ataionea huruma. Mkwe mwenyewe alikataa!"

Uani paliwaka kicheko. Carlota aliweka sufuria kando.

"Haya. Na wewe? Nani alipanda kule kwenye mikoko? Ming'oko, kwenye maji ya chumvi! Mmakua huyu alifikiri ni pweza."

"Nilikuwa najaribu!"

"Ikakupungia mkono ikazama."

"Lakini hii," Rebeka aliuliza, akionyesha mmea uliojaa vizuri juu ya ukuta wa miti wa uani, majani yananing'inia, "hii si imeota? Niliipima mwenyewe. Ni alama ya kwanza kabisa kwenye ramani."

"Hiyo?" Hadija alicheka mpaka akakaa. "Mwanangu, hiyo inaoshewa vyombo. Kila jioni Carlota anaimwagia maji ya sufuria. Hapo hata ungepanda kijiko kingeota."

Niliona Rebeka anageuka kutazama uani kwa Carlota, kisha juu ya ukuta, uani kwa jirani. Kila mahali alipokuwa ametia alama palikuwa na jiko karibu. Kila mahali. Niliogopa kidogo, maana alikuwa amehangaika nayo miezi mingi ile ramani, na wino wa watu umekwisha.

Kumbe anacheka. Alianza taratibu, mabega yakitikisika, halafu akajitupa chali mkekani, mikono imefunika uso.

"Baba Joyce," alisema akipumua, "kompyuta ya serikali imejifunza maji ya vyombo."

"Si kosa lake," nikasema. "Ndiyo iliyofundishwa."

Aliinuka haraka, akafuta macho, akatoa penseli. Uso wake ulikuwa umebadilika, ukawa ule wa kungoja satelaiti.

"Bi Hadija, rudia. Mpera uko upande gani?"

"Unataka mahali ilipokataa?"

"Hapo hasa. Ilipoota kwa vyombo hapanisaidii, lakini ilipokataa yenyewe, bila mtu kuipa maji wala kuinyima, hapo panasema kweli. Kompyuta haijawahi kuambiwa hata mahali pamoja pa namna hiyo. Haya, gombaneni."

Hawakuhitaji kuombwa mara mbili. Kila mama aliyekuwa pale alikuwa na mtani wake, na kila mtani alikuwa na kumbukumbu ndefu ya mabaya ya mwenzake. "Mwandike huyu, alipanda kwenye kichuguu!" "Mwandike na dada yake, yeye alipanda miguu juu!" Walivutana mikono kwenda kuonyesha. Tulitembea bonde zima tukiwa msafara, Hadija mbele, na kila tulipofika mahali Rebeka alinyanyua mkono juu na kuzunguka, na akina mama nyuma yake wakanyamaza kwa heshima mpaka satelaiti zije, kisha wakaendelea kutukanana. Palipokuwa na ming'oko iliyosimama yenyewe, bila jiko, pia walipataja, shingo upande, maana hayo ndiyo machimbo ya siri ya mtani. Nayo karibu yote yalikuwa juu, kwenye vichaka vya njia ya Madimba.

Tuliporudi uani kunywa maji, Hadija alimgeukia Rebeka.

"Na wewe? Umewahi kupanda?"

"Mimi?" Rebeka alitazama pembeni. "Sikumbuki."

Nilikohoa. "Nyuma ya jiko," nikasema. "Mara mbili."

Alinifinya mkono, bado nauhisi. Akina mama walipiga makofi.

"Mara mbili! Na digrii yake! Watani wenu nyie Wabena ni nani?"

"Wangoni," alisema Rebeka. "Wako Songea."

"Mbali. Kwa hiyo unaishi Mtwara bila mtani? Nani atakusema?" Hadija alijipiga kifua. "Basi nimekuchukua mimi. Kuanzia leo nyuma ya jiko lako ni pangu."

Ramani ya pili ilitoka bila rangi, kwa sababu ya ule wino, na Rebeka aliipaka mwenyewe kwa penseli za Joyce. Bonde la Kilambo likawa jekundu, isipokuwa vijidoa. Nyanda za upande wa Madimba zikawa kijani, na hata alipoipa kompyuta jua la mwaka 2050, kijani kilisogea kidogo tu, kikabaki.

Mkuu wake wa kazi alikuwa Mzee Elisha, Msukuma wa Mwanza, mtu mpole aliyeipenda korosho kuliko mmea mwingine wowote na aliyeiita ming'oko "chakula chenu cha nyani," ingawa mfuko wake wa koti haukukosa ming'oko. Nilikuwapo ofisini siku aliyopelekewa ramani, kwa kuwa ni mimi niliyemleta Rebeka, na hakuna aliyeniambia nitoke.

"Mama Joyce," alisema, "kompyuta ni ile ile?"

"Ni ile ile, mzee."

"Mwezi uliopita ilisema Madimba hapafai hata kidogo."

"Mwezi uliopita tuliidanganya."

"Nani aliidanganya?"

"Maji ya vyombo, mzee."

Alivua miwani. Rebeka akamweleza yote, na mpera, na mkwe. Mzee Elisha alicheka kwa adabu ya ofisini, kwa pua, kisha akaacha.

"Na hii ya pili ikiwa nayo imekosea?"

Rebeka aliinama juu ya ramani. 

"Tutakuwa tumevipoteza vyote," alisema. "Lakini sina ramani nyingine, na vichwa vimeanza kuchipua mchangani. Jana nimeona mche mweupe."

Mzee Elisha aliitazama ile kijani ya penseli ya mtoto. "Haya," alisema. "Madimba."

Tulipanda mwishoni mwa Novemba, kwenye kichaka cha juu, ardhi ya mchanga mwekundu, miti mifupi ya kupandia. Carlota na Hadija walikuja, na akina mama wengine, na mimi niliomba ruhusa bandarini. Rebeka alikiweka kila kichwa kwa mkono wake mwenyewe, kama anayelaza mtoto. Tulipokaribia kumaliza, Carlota alishika vichwa vichache.

"Hivi nipe," alisema.

"Vya nini, Mama Silvio?"

"Bondeni. Mbali na jiko. Nimekaa bonde lile maisha yangu, na leo penseli inanikatalia. Nataka nione."

Niliona Rebeka anavihesabu kwa macho, vile vichwa visivyo na ndugu popote. Ilimuuma. Lakini alisema, "Vichukue. Ila bila maji ya vyombo."

"Bila."

"Mimi nitamlinda," alisema Hadija.

Halafu tukasubiri mvua, na mvua mwaka ule zilichelewa. Krismasi ilipita kavu.  Rebeka alikuwa anatoka barazani kutazama mawingu ya baharini, anarudi, anatoka tena, na Joyce anamfuata nyuma akimwiga, mikono imeshika kiuno. Nilimwambia kompyuta yake si ilikwisha sema mvua zitachelewa. Akaniambia kusema ni rahisi.

Ziliponyesha, zilinyesha kama zinaomba msamaha. Tulingoja barabara ikauke kidogo, tukaenda. Carlota na Hadija walikuwa wametangulia, wamekaa kwenye lango la uzio na mlinzi, hawajaingia. Walituambia walikuwa wanamngoja mwenyewe.

Mstari wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili, majani ya kawaida tu. Rebeka alitembea ameinama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu Bi Hadija, hakusema neno. Nilisikia nyayo zetu kwenye mchanga uliolowa. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwambia mke wangu njiani tukirudi.

"Hapa," alisema Carlota.

Alikuwa amechuchumaa. Mbele yake kulikuwa na kamba nyembamba, ya rangi ya damu ya mzee, imejizungusha kwenye kijiti. Juu yake majani mawili madogo. Rebeka alipiga magoti. Kisha tukaziona nyingine, maana jicho likishajua linachotafuta halikosi tena: pale, pale, juu ya kile kichaka, nyingine imepanda mpaka kwenye waya wa uzio, kaidi. Si vyote vilivyoota. Lakini vilivyoota vilikuwa vingi kuliko vilivyokataa, na tulipomaliza mistari yote Rebeka alikuwa amechafuka matope mpaka kwenye nywele na anaimba wimbo wa kwaya, vibaya sana, kwa sauti kubwa.

Hadija alirudiwa na sauti.

"Carlota!"

"Naam."

"Na vile vya bondeni?"

"Vya bondeni vipi?"

"Vile ulivyovipanda mbali na jiko. Nikakulinda."

Carlota aliangalia juu, akaangalia mawingu yanakoelekea.

"Nimesahau," alisema, na mlinzi ndiye aliyeanza kucheka.

Miaka miwili na kitu baada ya hapo Rebeka aliugua, kwa muda mfupi, na akafariki. Ilikuwa 2009. Ilibidi apelekwe Njombe kwa wazazi wake, na asubuhi ya safari watu walijaa nyumbani kwetu Mtwara, wa kanisani, wa ofisini, wa bandarini. Walinishika mkono mmoja mmoja. Joyce alikuwa amekaa miguuni pangu, kichwa amekilaza magotini. 

Ndipo nikasikia sauti ya Bi Hadija barabarani.

Aliingia, na nyuma yake Carlota aliyebeba beseni lililofunikwa kanga. Hadija hakuja kunishika mkono. Alisimama katikati ya uani, akaangaza huku na huku, akaona kipande cha sabuni ya mche kando ya pipa la maji, akakiokota. Akakinyanyua juu kabisa. Akaanza kuzunguka polepole pale pale aliposimama, uso umeelekea mbinguni.

"Tatu," alisema. "Nyamazeni, mtazifukuza!"

Watu wa kanisani walitazamana. Joyce aliinua kichwa.

Hadija alizunguka tena, mkono juu, akatembea hivyo hivyo akipita katikati ya waombolezaji, wakampisha, mpaka akafika nyuma ya jiko. Sote tukamfuata kwa macho.

"Ya nne imekuja!" alipiga kelele. "Ni hapa! Hapa ndipo ilipomkatalia Mbena! Mara mbili! Na digrii yake! Halafu leo anakwenda kulala anatuachia sisi kazi ya kuchimba. Mvivu wewe, Rebeka!"

Joyce alicheka. Kicheko kilitoka kama chafya, akaziba mdomo, kikatoka tena. Mzee Elisha alikuwa anafuta miwani na mabega yanamtikisika. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na nilipomaliza kucheka niliweza kulia, jambo ambalo nilikuwa sijaliweza.

Carlota alifunua beseni. Ilikuwa ming'oko ya kuchemsha, ile yenye ganda jekundu, ya kutoka shamba la juu. Alisema mwaka ule iliruhusiwa kuchimbwa kidogo kwa mara ya kwanza. Akapitisha chumvi na pilipili kwenye kisahani. Ndugu zangu wa Njombe waliokuja kuuchukua mwili hawakuijua, nikawaonyesha namna ya kumenya. Waliila wamesimama, kisha wakaongeza.

Wakati wa kuondoka, Carlota alinitia kitu mkononi, kimefungwa kwenye jani bichi. Kilikuwa kichwa kimoja.

"Cha nyumbani," alisema.

Tuliporudi kutoka Njombe, mimi na Joyce tulikipanda nyuma ya jiko, pale pale. Ni mahali pabaya. Ramani zote mbili zinasema hivyo. Kila jioni Joyce anaosha vyombo na maji yake namwagia mimi, polepole, kuzunguka shina.

Nimesema shina? Ukiniuliza kama kiliota, nimesahau.